Pilipili ya Mama Mkubwa

Nkwenda, Jumamosi alasiri

Asimwe mwanangu,

Siku ile ulidhani nalia kwa sababu ya pilipili. Ulicheka mpaka ukashika ukingo wa meza, ukasema, "Mama umeshindwa! Mtu mzima ameshindwa na pilipili ya nanasi!" Ukanimiminia maji. Nikanywa, nikacheka na wewe, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jambo rahisi kufanya.

Leo umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninavyowajua mama zao, hakuna atakayekuachia utoke kwake bila kula. Nimebaki na begi lako limefungwa mlangoni na kalamu yangu ya ofisini. Habari za sare, chandarua na kuanika viatu tumezisema mpaka umeanza kuziigiza kwa sauti yangu. Sizirudii. Nataka kukuandikia kuhusu ile chupa ya pilipili, kwa sababu kesho unakwenda kuishi katika nyumba inakotengenezwa.

Unajua kwamba Mama Mkubwa Dativa hutuletea chupa kila anapopata mtu wa kumtuma kutoka Bukoba. Unajua pia kwamba ni wewe unayezimaliza. Unaweka kwenye ndizi, kwenye maharage, nimekukuta unapaka hata kwenye mkate. Ambalo hujawahi kuniuliza ni kwa nini mimi sikuwahi kuigusa. Nafikiri uliamini ninaposema tumbo langu halitaki pilipili. Mimi ni mwoga, hilo unalijua, na uongo mdogo ndio mlango wa kwanza ambao mwoga hutorokea.

Jioni ile tulipopata uhakika wa nafasi yako ya shule, ulikuwa na furaha kiasi kwamba sikuweza kukunyima kitu. Ukasogeza sahani yangu. "Onja tu, Mama. Kidogo. Kwa heshima yangu."

Nikaonja.

Kwanza ilikuwa tamu. Utamu wa nanasi lililoiva hadi ganda likalainika, na nyuma yake utamu mwingine, mzito, wa juisi ya ndizi, unaoganda kwenye paa la kinywa. Nikadhani ni hivyo tu. Nilipomeza ndipo ukali ukaamka kooni, taratibu, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akisubiri upite. Na baada ya ukali, mwisho kabisa, ukaja moshi.

Ni ule moshi ulioniliza, mwanangu. Ukali ningeuvumilia.

Zile pilipili huchomwa nzima kwenye majivu ya moto kabla ya kutwangwa. Hakuna mtu aliyenifundisha. Nilikuwa nyumbani kwa Bibi yako kule Kamuli, pilipili zikanimwagikia jikoni, nyingine zikaingia majivuni. Nikaona uvivu kwenda shambani kuchuma nyingine, nikaziokota, nikazipangusa, nikazitwanga hivyo hivyo. Dativa alionja akapiga kelele, "Ee! Umeweka nini humu?" Tukacheka sana. Tangu siku hiyo tukawa tunazichoma kwa makusudi. Kwa hiyo jioni ile, mbele yako, nilikuwa naonja mkono wangu mwenyewe kutoka kwenye chupa yenye jina la mtu mwingine.

Lakini kabla sijaendelea kuna jambo ambalo lazima litangulie, kwa sababu nalo ni kweli.

Nilikupata nikiwa msichana ambaye hana chochote zaidi ya vyeti. Nafasi ya chuo ilipotokea, ya kusomea ukarani, wewe ulikuwa bado hujaanza kutembea. Dativa alikuwa ameolewa kule Nyakasimbi. Alikuja Kamuli mwenyewe, bila kuitwa, akakufunga mgongoni kwa kanga yake, akaniambia, "Nenda ukasome. Huyu ni wangu mpaka urudi." Uliugua kifua ukiwa kwake. Alitembea na wewe kwenye mvua mpaka zahanati, akalala na wewe kwenye benchi. Neno "mama" ulilitamka mara ya kwanza ukimwambia yeye, na aliponipigia simu kunieleza alikuwa analia kwa furaha, nami nililia, sijui kwa nini. Niliporudi na kupata kazi hii ya ofisi ya kata, alikukabidhi kwangu ukiwa mnene, safi, na nywele zimesukwa.

Hilo lilitokea. Na ninalotaka kukusimulia lilitokea. Nimejaribu miaka mingi kufanya moja lifute jingine, nimeshindwa.

Ndoa ya Dativa ilipovunjika alirudi kwa Bibi. Ndipo tukaanza pilipili, sisi wawili, siku za mwisho wa juma nikitoka ofisini. Kazi tuliigawana. Mimi nilikuwa upande wa nanasi na pilipili. Yeye alikuwa upande wa juisi ya ndizi, ambayo tulitumia badala ya sukari. Umeona mwenyewe inavyokamuliwa kwa majani, ndizi zikishaivishwa vizuri. Lakini sharti letu lilikuwa moja: ikikamuliwa, inakwenda kwenye sufuria na kuchemka saa ile ile. Juisi ya ndizi haina subira. Ukiiacha inaanza safari ya kuwa rubisi, pombe ya ndizi. Na ukiikamulia kwenye ule mtumbwi wa mti wanaotengenezea rubisi, safari inakuwa fupi zaidi, maana pombe ya zamani imelala ndani ya mbao. Kila mtoto wa Kamuli anajua hivyo. Kwa hiyo sisi tulikuwa na beseni letu la juisi, na mtumbwi hatukuugusa.

Mwaka ule wageni wakaja Nkwenda. Alikuwapo mama mmoja mfanyabiashara wa Bukoba aliyekuwa akitafuta bidhaa za akina mama za kupeleka kwenye maduka ya mjini, akifuatana na Mchungaji na kina mama wa usharika waliomwalika. Mtendaji wa kata alitaka wapokelewe ofisini kwetu. Akaniita. "Karani, ile pilipili yenu mnayotugawia hapa siku zote, iletwe mezani. Wakiipenda, kata imepata jina." Nilikuwa kwenye mkataba wa muda, mwanangu. Sikuwa nalala vizuri. Nikaona mlango umefunguka kwetu sote wawili, mimi na dada yangu. Nilimwambia hivyo hivyo: sote wawili.

Dativa alimalizia kazi Kamuli, akaja na chupa kwenye kikapu. Nilizipanga mezani mimi mwenyewe, na vijiko, na ndizi choma kwenye sinia. Nilipofungua ya kwanza, kifuniko kiliruka kidogo mkononi mwangu, kikatoa sauti kama mtu anayesonya. Niliisikia. Nikajiambia ni joto.

Sasa, unajua desturi ya nyumbani. Kwa Bibi hakuna mgeni aliyewahi kupewa kinywaji ambacho mwenye nyumba hajakionja mbele yake. Hata akitoa kahawa ya kutafuna, anachukua punje yake kwanza. Nikiwa shule nilikuwa naona ni mambo ya wazee na hofu zao za kurogana. Bibi alikuwa akisema, "Si uchawi. Asiyeonja mbele yako, kuna kitu anakijua."

Mtendaji naye ni mtu wa huku huku. Akasema kwa mzaha, "Haya, wenye mali watangulie. Mila ni mila." Akamsogezea Dativa kijiko, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Dativa akashika shavu. "Jino, Mtendaji. Tangu jana sijalala. Mdogo wangu ataonja kwa niaba yetu."

"Jino au unaogopa dawa yako mwenyewe?" mama mmoja akamtania, watu wakacheka.

Nikachukua kijiko.

Ilikuwa tamu, kwanza. Kisha ulimi ukachomwa na vitu vidogo vidogo kama sindano, ambavyo havikuwa pilipili. Na puani nikasikia harufu ya arusi, ya watu wamekaa chini ya turubai tangu asubuhi. Nilijua, Asimwe. Kinywa changu kilijua kabla ya kichwa. Nikamtazama dada yangu.

Tulipokuwa watoto tulikuwa tukivuka kijito kwenda kuchota maji, juu ya gogo. Yeye alikuwa akitangulia, anafika ng'ambo, anageuka, ananitikisia kichwa mara moja, polepole. Maana yake: njoo, gogo ni zima. Sikuwahi kuanguka. Na siku ile ofisini, nikiwa na kijiko mdomoni, alinitikisia kichwa vile vile. Mara moja. Polepole.

Nikameza. Nikatabasamu. Nikasema, "Karibuni."

Mchungaji alionja wa kwanza. Akabaki ameshika kijiko hewani. "Mtendaji," akasema, "hii ni rubisi."

"Rubisi?" akauliza bibi mmoja wa usharika, mzee kuliko wote. "Hebu nipeni niione." Akalamba kijiko, akakigeuza, akalamba mgongo wake. "Ni rubisi. Tena nzuri."

Chumba kizima kikacheka, isipokuwa watu watatu. Mtendaji hakucheka. Mama wa Bukoba hakucheka, alikuwa anafuta mdomo na kuangalia mkoba wake ulipo. Na mimi.

"Karani," Mtendaji akasema, "umemletea Mchungaji pombe kwenye meza ya serikali?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa namngoja Dativa aseme kitu. Nilikuwa na hakika atasema, kwa jinsi mtu anavyokuwa na hakika kwamba ukuta uko nyuma yake anapotaka kuegemea. Na kweli alisema.

"Mimi nilimwambia." Aliinuka kabisa. "Nilimwambia juisi haikuchemka, hakunisikia. Hawa wasomi wetu hawaambiliki."

Kisha akafungua mkoba wake. Ndani ya mkoba, ikiwa imeviringishwa kwenye kipande cha kanga, kulikuwa na chupa nyingine. Akaifungua, haikutoa sauti yoyote. Akajaza kijiko mpaka juu, akaonja yeye kwanza, mbele ya watu wote, akameza vizuri na kulamba midomo. Jino halikumuuma tena.

Akampa mama wa Bukoba.

Sina haja ya kukueleza yaliyofuata, maana ndiyo maisha uliyokulia. Mama Mkubwa yuko Bukoba, pilipili yake iko madukani, na mimi niko hapa. Mtendaji hakunifukuza, lakini kwa muda mrefu nilikuwa nikiingia ofisini kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe. Sokoni waliniita Karani Rubisi. "Karani, leo umetuchachushia nini?" Ulikuwa mdogo, ukaniuliza rubisi ni nini na kwa nini wanakuita mtoto wa rubisi. Nikakuambia ni jina la utani. Uongo mdogo, tena.

Kwa muda nilijipa maelezo. Labda hakujua. Labda alibeba ile chupa kwa bahati. Mtu aliyesomeshwa na dada yake hutafuta "labda" nyingi. Ni Bibi aliyezimaliza, bila kukusudia. Tulikuwa tunamenya ndizi, akasema tu, kama anayezungumzia mvua, "Lile beseni lenu lilikuwa limeazimwa msibani. Nilimwambia Dativa, usikamulie humo mtumbwini, jana tumetoa rubisi ya arusi. Akaniambia, 'Usihofu, Mama. Ya kwangu nimeichemsha kando.'"

Ya kwangu.

Kisu kilibaki kwenye ganda. Bibi akaniuliza, "Umejikata?" Nikasema hapana.

Unaona, beseni kuazimwa ningelisamehe kabla hata hajaomba. Kuona aibu ya kuniambia ningeielewa, mimi ni nani nisielewe aibu na woga? Lakini kuna wakati fulani, jikoni kwa mama yetu, alimwaga juisi mbaya kwenye pilipili ya "yetu", na juisi nzuri kwenye chupa moja ya "yangu", akaiviringishia kanga isivunjike. Alikuwa na safari nzima, Kamuli mpaka Nkwenda, ya kubadilisha mawazo.

Sijawahi kumuuliza. Mara moja tu kwenye simu nilianza, nikasema, "Dada, ile siku ya Mchungaji..." Akanikatiza kwa sauti ya upole kabisa. "Mdogo wangu, yale yalikwisha pita. Asimwe anaendeleaje na kikohozi?" Nikamweleza habari ya kikohozi chako. Hivyo ndivyo nilivyo. Nikiulizwa habari zako nasahau silaha zangu.

Wewe umempenda siku zote, nami nilikuacha umpende. Watu wataniambia ilikuwa hekima. Haikuwa hekima, niliogopa. Nilihofu nikikuambia utaniuliza, "Kwa hiyo ulijua ni rubisi ukawapa?" Ndiyo. Nilijua kwa ulimi. Nikauamini mtikiso wa kichwa cha dada yangu kuliko ulimi wangu mwenyewe. Katika yote niliyosoma na yote niliyoyapanga kwenye mafaili, hakuna nililolilipia ghali kuliko hilo. Kama kuna kitu cha kubeba kutoka katika chumba kile, ni hicho: kitu kikikuchoma ulimini, usimtazame mtu usoni kumuuliza kama ni kitamu. Hata akiwa anakupenda. Hata akiwa mimi.

Sasa utauliza kwa nini basi nakupeleka kwake. Shule ile ni ya kutwa, ni nzuri, uliitaka mwenyewe, na ndugu tuliye naye Bukoba ni mmoja. Alipoambiwa, alijibu kabla sijamaliza kuomba: "Chumba chake kipo." Hakusema atakutafutia chumba. Alisema kipo. Nilikaa na simu mkononi baada ya hapo, sijui kwa muda gani.

Ninaogopa, Asimwe, na si kwa jinsi unavyofikiri. Siogopi kwamba atakutesa. Ninaogopa kwamba atakupenda vizuri. Atakupikia, atakusuka, atakaa na wewe ukiugua, na yote yatakuwa ya kweli, kama yalivyokuwa ya kweli ulipokuwa mgongoni mwake. Kisha ipo siku utakuja likizo uniangalie na kujiuliza mimi nililalamika nini. Nimeandika ukurasa wote huu nikiogopa siku hiyo.

Sikutumi kupeleleza. Usimnunie kwa ajili yangu, usiache kula chakula chake, usihesabu chupa zake. Mwite Mama Mkubwa kama ulivyozoea, mwamkie kwa heshima, msaidie kumenya nanasi. Ukiona anachoma pilipili kwenye majivu, unajua sasa ilianzia wapi. Huna haja ya kumwambia mtu.

Kitu kimoja tu nakuomba.

Asubuhi hii ulipokuwa bado umelala nilipika. Sikuwa nimeipika tangu mwaka ule. Juisi nilikamulia kwenye beseni jipya, nikaichemsha mpaka mapovu yakaisha. Pilipili nilizichoma. Ule moshi uliokuamsha ukakohoa na kuniuliza naunguza nini, ndio huo. Imetoka chupa moja. Nimeizungushia kipande cha kanga na kuiweka juu kabisa kwenye begi, chini ya sweta la shule.

Kesho, kabla gari halijaondoka, nitaifungua mbele yako na kuionja mimi kwanza, uone. Kisha nitakupa barua hii uisome njiani. Ukifika Bukoba, atakuja kukupokea, atakukumbatia, mtakwenda nyumbani, na atakuwekea chakula. Usimpe chupa njiani. Subiri mkae mezani. Itoe, umwambie, "Mama ameniagiza hii." Fungua. Chukua kijiko, uonje wewe kwanza, mbele yake, umeze. Si fumbo na si sumu. Ni tamu, kisha inawaka, kisha kuna moshi.

Halafu umpe kijiko.

Usinipigie kunieleza alisema nini, wala kama alilia, wala jina gani aliniita. Sitaki kujua, au labda nataka sana, kwa hiyo usiniambie. Niambie tu kama alionja.

Mimi niko hapa Nkwenda, simu iko mkononi.

Mama yako